Kaka kauza ekari tatu, sasa anataka na nyumba, na kila ofisi naambiwa "siyo hapa"

BARUA

Shikamoo mjomba, natumaini u mzima. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Mbagala, naomba jina langu usiliweke maana ndugu zangu nao wanakusoma.

Baba yetu alifariki Novemba 2019. Alikuwa anaishi Morogoro mjini, Kihonda, ndo alipojenga na ndo tulipomzika. Sisi ni Waislamu, tuko watano, wa kiume wawili wa kike watatu, mama yetu alishatangulia zamani na baba akaacha mjane, tunamwita mama mdogo, hakuzaa na baba lakini katulea tangu tuko shule ya msingi kwaiyo kwetu ni mama tu. Mali alizoacha ni nyumba ya Kihonda yenye hati, shamba ekari nane kijijini huko Turiani, na kiwanja Chanika hapa Dar ambacho kina karatasi ya serikali ya mtaa tu.

Baada ya arobaini tulikaa kikao cha ukoo tukampendekeza kaka mkubwa, hakuna aliyepinga, hata mimi nilisaini muhtasari. Akaupeleka Mahakama ya Mwanzo huko huko Morogoro, akateuliwa msimamizi wa mirathi Machi 2020. Tangu hapo kimya. Ukimuuliza anasema mirathi haina haraka, au eti mnataka kugawana wakati baba hata kaburi halijajengewa. Kaburi tukajengea, bado kimya.

Sasa mwaka juzi naenda shamba msimu wa mpunga nakuta mtu kapanda miwa kwenye ekari tatu za upande wa mtoni, yaani pale pazuri kuliko pote. Namuuliza we nani, ananiambia mama hapa nimenunua kwa kaka yako, akanitolea na mkataba, Januari 2020, milioni nne na laki mbili, kasaini kaka na mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili. Nikaupiga picha na simu. Kumpigia kaka wala hakukataa, anasema hela ililipa deni la hospitali la baba na shughuli ya arobaini. Deni lipi mjomba, hospitali tulichanga wote na meseji za miamala ninazo mpaka leo!

Nikaenda baraza la kata. Kaka mara ya kwanza hakutokea, ya pili kaja kwa ukali, wakaniandikia kwamba usuluhishi umeshindikana. Nikaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya nikafungua kesi, nimemshtaki kaka na yule mnunuzi, nimelipa watu wa kuniandikia, nauli za kwenda na kurudi usiseme, imeahirishwa sijui mara ngapi, mwisho wa siku mwenyekiti anasema baraza halina mamlaka, hili ni suala la mirathi, na isitoshe mimi siyo msimamizi kwaiyo sina haki ya kushtaki. Kesi ikaondolewa. Nikasema kama ni mirathi basi niende Mahakama ya Mwanzo, nikaenda ya karibu na kwangu huku Dar, karani kaniuliza marehemu alikuwa anaishi wapi, nikamwambia Morogoro, akafunga daftari lake.

Pale nje kuna bwana mmoja huwa anakaa na mkoba, kanisikiliza vizuri mnoo, kaniambia dawa ni kufungua mirathi mpya hapa hapa Dar kwa kutumia kile kiwanja cha Chanika, niteuliwe mimi, halafu nitakuwa na nguvu ya kumburuza kaka. Anataka laki nne.

Na wakati huo huo kaka kaleta mteja wa nyumba ya Kihonda, milioni sitini. Mdogo wetu wa kiume yuko upande wake maana wakopeshaji wa kausha damu wamemkalia kooni, dada mkubwa anasema iuzwe tu tugawane yaishe, mimi na mdogo wangu wa kike hatutaki, mama mdogo ataenda wapi? Kaka anatuambia yeye ndo msimamizi, sahihi zetu hazihitaji. Mjomba naomba unisaidie, niende mahakama ipi? Inawezekana kweli nyumba ikauzwa na sisi tumekataa? Na zile ekari tatu ndo zimeshaenda?

Binti wa tatu, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana na mizunguko. Nimekaa masjala ya Mahakama ya Mwanzo miaka mingi kabla sijastaafu na watu wa aina yako nimewaona mnoo, wanakuja na bahasha imechakaa, wametoka ardhi, wametoka kata, wengine wametoka mpaka polisi, na kila mahali wameambiwa siyo hapa. Wanadhani wanafukuzwa. Mara nyingi waliowaambia hivyo walikuwa wanawaambia ukweli, shida hakuna aliyewaelekeza hapa kama siyo hapa basi ni wapi.

Nianze na yule bwana wa mkoba. Usimpe hata mia. Mirathi ya Mahakama ya Mwanzo inafunguliwa pale marehemu alipokuwa na makazi yake wakati anafariki, haiangalii kiwanja kiko wapi, ndo maana yule karani wa Dar alikuuliza swali moja tu akafunga daftari. Baba yako alikuwa mtu wa Kihonda, basi mali zake zote, ya Turiani, ya Chanika, hata angekuwa na kibanda Lindi, zinaingia kwenye jalada moja lililoko Morogoro. Ukifungua jalada la pili Dar huku la kwanza lipo hai, utaapa kwenye fomu kwamba hakuna msimamizi mwingine au utaficha kwamba yupo, na siku kaka yako akilijua hilo wewe ndo utakuwa mshtakiwa na yeye ndo atakuwa mlalamikaji. Vishoka wa namna hiyo wanajua kabisa, ila laki nne itakuwa imeshaliwa.

Sasa kwa nini baraza la ardhi limekukatalia. Sheria zetu zimetenganisha hivi vitu viwili hata kama vyote vinahusu udongo ule ule. Nani amrithi baba, msimamizi awe nani, kafanya kazi yake au kala, kila mtu apate kiasi gani, hayo ni ya mahakama ya mirathi. Kwenu nyie Waislamu Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka hayo, iko kwenye Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, pamoja na jedwali lake la tano, inashughulikia mirathi inayoendeshwa kwa sheria ya Kiislamu au kwa mila. Lakini ikitokea mtu wa nje, jirani au nani, anasema hili shamba ni langu halikuwa la marehemu kabisa, hapo ni mgogoro wa ardhi na unaenda kwenye vyombo vya ardhi, Sura ya 216, unaanzia kata kwa usuluhishi halafu baraza la wilaya kule kule ardhi iliko. Na hapo anayeshtaki kwa niaba ya marehemu ni msimamizi, siyo mtoto, hata awe mtoto wa pekee. Wewe ulimshtaki msimamizi pamoja na mnunuzi kwenye chombo cha ardhi huku huna usimamizi, ndo ukakwama kotekote. Mahakama ya Rufani nayo imeshasema, ugomvi ukiwa juu ya mali ya marehemu ambayo mirathi yake iko mahakamani, mahakama iliyoshika hiyo mirathi ndo ya kuamua.

(Ule usumbufu wa kata usiujutie sana. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata haliamui tena kesi, kazi yake ni kusuluhisha tu, na baraza la wilaya halipokei shauri bila karatasi ya kwamba usuluhishi umeshindikana au siku 30 zimepita bila kusuluhisha. Karatasi hiyo itunze.)

Kwaiyo jibu la swali lako la kwanza, rudi Morogoro, mahakama ile ile iliyomteua kaka yako, namba ile ile ya mirathi. Ukifika nenda masjala omba kusoma jalada, wewe ni mrithi una haki hiyo, lipia nakala, usiondoke na maneno ya mdomo. Kuna vitu viwili tu nataka uvione. Cha kwanza Fomu namba 4, ile barua ya uteuzi, tarehe yake kamili. Cha pili ni kama kuna Fomu namba 5 na namba 6. Ya 5 ni orodha ya mali na madeni ya marehemu, ya 6 ni hesabu, kimeingia nini kimetoka nini na nani kapewa nini. Kanuni za 1971 za usimamizi wa mirathi kwenye Mahakama za Mwanzo zinampa msimamizi miezi minne tangu kuteuliwa awe ameleta ya 5, mahakama ikitaka inamuongezea. Kaka yako kateuliwa Machi 2020, hesabu mwenyewe, Julai 2020 ilitakiwa iwe mezani. Kwa unavyosimulia nina wasiwasi hajaleta hata moja.

Kama hajaleta, hiyo ndo silaha yako na ni kubwa kuliko makelele yote mtakayopigiana kwenye grupu la familia. Andika barua kwa hakimu, au ombi ukiandikiwa na msaidizi wa kisheria, wako wengi na hawatozi, eleza kwamba msimamizi ana miaka kadhaa hajaleta orodha wala hesabu, kuna mali imeuzwa na nyingine iko mbioni kuuzwa, uombe aitwe, azuiwe kuuza chochote mpaka hesabu ziletwe, na uteuzi wake utenguliwe awekwe mwingine. Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kumtengua kwa sababu ya msingi, na kukaa miaka bila hesabu ni sababu ya msingi sana. Nenda na jina la mbadala mfukoni, dada yenu mkubwa au hata baba mdogo mwenye busara, maana hakimu atakuuliza "tukimtoa, nani?" na nimeona ombi zuri likalala kwa kukosa jibu la swali hilo tu. Ushauri wangu usijitaje wewe, utaonekana unagombea kiti. Na ukitoka pale bila kuridhika, una siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, usisubiri ya 31.

Kama ameleta zote na mahakama ikafunga jalada, hali ni nyingine. Aliyemaliza kazi hatenguliwi, hakuna tena kitu cha kutengua, hapo unaenda Mahakama ya Wilaya kuomba muda wa kukata rufaa au kuomba mapitio kwamba mirathi ilifungwa kwa hesabu za uongo. Ni mlima kidogo lakini watu wanaupanda. Ndo maana nasema jalada kwanza, mengine yatafuata.

Sasa zile ekari tatu. Mwanangu umeandika mwenyewe halafu ukapita kama hujaliona. Mkataba ni wa Januari 2020, kaka kateuliwa Machi 2020. Siku anauza alikuwa nani? Alikuwa mtoto wa marehemu kama wewe, hana fomu, hana uteuzi, hana chochote cha kumuuzia mtu shamba la baba yake, na kuteuliwa miezi miwili baadaye siyo kibali cha kurudi nyuma kutakatisha aliyoyafanya. Angekuwa ameuza akiwa na Fomu 4 mkononi ningekwambia jipange kwa vita, maana anayenunua kwa nia njema kwa msimamizi halali ana kinga nzuri tu. Lakini huyu wa miwa kanunua kwa mtu asiye na mamlaka. Halafu hiyo sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji, shamba likiwa ni ardhi ya kijiji mauziano yanatakiwa yaidhinishwe na halmashauri ya kijiji, kikao, muhtasari, siyo mtu mmoja na muhuri wake chini ya mwembe. Kwaiyo kuna matundu mawili. Ile picha uliyopiga iprinti leo, simu zinaibiwa, na muombe mtu wa kijijini akuangalizie kwenye vitabu vya kijiji kama kikao kiliwahi kukaa.

Ila hiyo kesi ya kumtoa yule bwana usiifungue sasa. Ataifungua msimamizi mpya, kwenye baraza la wilaya inakoangukia Turiani, baada ya kata, na muda mnao, madai ya kurudishiwa ardhi ni miaka 12. Kaka yako kama ni muungwana anaweza kumrudishia mtu hela yake mkamalizana bila baraza, au wakubaliane ekari hizo zikatwe kwenye fungu la kaka. Hilo la pili nimeliona likifanya kazi mara nyingi, mnunuzi anabaki na miwa yake na aliyeuza ndo anaumia peke yake, wengine mnapata kamili kwenye tano zilizobaki na mali nyingine.

Nyumba. Hapa nitakukera kidogo. Kaka yako anaposema hahitaji sahihi zenu, kisheria hayuko mbali na ukweli, mahakama za juu zimeshasema msimamizi halazimiki kupata ridhaa ya kila mrithi ndo auze. Alichokisahau ni kwamba anauza kwa ajili ya mirathi, hela ni ya mirathi, inaingia kwenye Fomu 6 mpaka shilingi ya mwisho, na akipewa maelekezo na mahakama lazima ayafuate. Kwaiyo ndiyo, nyumba inaweza kuuzwa na wewe umekataa. Na watu wengi wanadhani hakimu ndo anagawa, hapana, anayegawa ni msimamizi, mahakama inamuangalia na kumnyoosha.

Tupige hesabu kwa hiyo milioni sitini, tuchukulie hakuna deni wala wasia. Kwa sheria ya Kiislamu mjane akiwepo na watoto wapo anapata moja ya nane, milioni saba na nusu. Zinabaki hamsini na mbili na nusu, mtoto wa kiume mafungu mawili wa kike moja, nyie ni mafungu saba, kila fungu saba na nusu. Wakaka kila mmoja kumi na tano, nyie mabinti kila mmoja saba na nusu sawa na mama mdogo. Mnaona? Nyumba haikatwi kwa msumeno, kwaiyo njia ni kuuza mgawane, au mmoja awanunue wenzake, au ipangishwe mgawane kodi kwa mafungu hayo hayo. Mama mdogo eda yake ilishaisha zamani, kwa sheria hiyo hana haki ya kukaa humo maisha yake yote, ana haki ya moja ya nane yake, na kama alitoa hela yake kwenye ujenzi aseme mapema na alete ushahidi, maana hicho kitakuwa chake siyo cha mirathi. Sasa chukueni fungu lako, la mdogo wako na lake, ni ishirini na mbili na nusu, na kiwanja cha Chanika mkikithaminisha mnaweza kuwaambia wakaka nyie chukueni Chanika na shamba kubwa, sisi tubaki na nyumba na mama. Mkikubaliana hivyo mbele ya hakimu inaandikwa na inafunga wote. Kukataa tu kuuza bila kuleta mbadala hakukusaidii, na yule mdogo wenu wa kausha damu naye msimuone mbaya, riba zile zinamfanya mtu auze hata godoro.

Kwa sasa hivi kuna jambo moja la haraka. Nyumba ina hati. Nenda kwa Msajili wa Hati ufanye sechi, yaani upekuzi wa kumbukumbu za hati, uone jina lililopo. Kama bado ni la baba, kaka yako hawezi kumhamishia mtu mpaka kwanza yeye aandikishwe kama msimamizi kwenye hati hiyo, kwaiyo mteja wake mwenye akili hatatoa milioni sitini leo. Weka zuio pale pale, wenyewe wanaita kaveti, ukieleza kwamba wewe ni mrithi na una shauri la mirathi. Halizuii milele lakini linakupa nafasi ya kupumua mpaka hakimu akae.

Na ukikutana na huyo mteja muonyeshe tu kwa upole kwamba kuna mjane ndani na kuna shauri, hakuna haja ya kumtukana. Wanunuzi wanaogopa karatasi kuliko matusi.

Ile laki nne basi ndo nauli yako na nakala za jalada na chenji inabaki. Ukishaipata Fomu 4 niandikie tarehe iliyopo pale, na kama 5 na 6 zipo au hazipo, nikuambie ombi lianzeje. Mama mdogo msalimie sana.